Upepo wa Sebuleni

Jumatatu saa tatu asubuhi mkwe alileta boti la mpira karakana kwa mkokoteni. Lilikuwa la rangi ya chungwa, urefu wake hatua nne za mtu mzima, lenye mifuko mitatu ya upepo: wa kulia, wa kushoto, na wa chini wa kukanyagia. Mfuko wa kushoto ulikuwa umelegea. Ukiubonyeza kwa kidole, alama ya kidole inabaki, kama mguu wa mtu aliyevimba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Za nyumbani?"

"Nzuri tu. Hili boti linanitia aibu. Asubuhi nalijaza linakuwa gumu kama ukuta, ikifika saa tisa ni uji. Nimelitafuta tundu mpaka nimechoka."

Aliyeitwa mama alikuwa fundi wa mpira. Aliziba mipira ya baiskeli, maboya ya watoto, viatu vya mvua, magodoro ya upepo wanayolalia wagonjwa wasiogeuka, na mara moja moja boti. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara. Meza ya kazi ilitengenezwa kwa mlango wa zamani, na kitasa chake kilikuwa bado kipo, anatundikia tambara. Upande wa pili wa chumba hicho hicho alikaa Nyundo, fundi wa tairi za magari, mtu mzima mwenye ulimi usio na breki.

Mkwe alikuwa mwokoaji wa pale bwawani. Katika miaka sita alikuwa amewatoa majini watu kumi na mmoja, wote wazima. Akipita barabarani watu wanasimama kumsalimia. Siku ya harusi, mama fundi mwenyewe alisema mbele za watu kwamba hakupata mkwe, alipata mtoto wa kumzaa.

"Mwenzio hajambo?"

"Hajambo, anakusalimia sana. Ana mafua kidogo."

Mwezi uliopita binti alikuwa ameteleza bafuni. Kabla ya hapo ilikuwa mlango wa kabati. Mama alisema pole, mwambie anywe maji ya moto. Mkwe akasema boti analitaka Ijumaa jioni, maana Jumamosi shule zote zinakuja bwawani kushindana kuogelea, akaaga kwa heshima zote na kwenda zake.

Tundu linalovuja polepole halionekani kwa macho. Mama fundi alikuwa na njia yake. Kwanza unasikiliza. Halafu unalowesha shavu kwa maji na kulipitisha juu ya mpira, taratibu, karibu kugusa, kwa sababu shavu lililolowa linasikia hata upepo ambao mkono hausikii. Mwisho ndiyo unaleta sabuni. Mafundi wengi wanaanza na sabuni, wanalowesha boti zima, na jioni bado wanatafuta. Yeye alianza na shavu kwa miaka ishirini, na mjini walilijua hilo, hata bintiye alikua akimwona hivyo, amelalia mipira kama anayeibembeleza.

Akalowesha shavu la kulia, akainama, akaanza kutoka mbele ya boti kwenda nyuma. Alipofika karibu na mshono, kofi likatoka.

Lilikuwa kofi la mkono mpana, mkono wa kushoto. Sikio likaanza kulia. Mama fundi akajishika taya, akaiangalia ile sehemu, halafu akalowesha shavu tena kwa sababu alikuwa hajapata mahali penyewe. La pili lilichukua muda, kama dakika kumi, maana tundu lilikuwa dogo. Lilipotoka, akajua ni upana wa kidole kimoja kutoka kwenye mshono. Akachukua chaki, akazungushia duara.

Nyundo alikuwa ameacha kugonga.

"Dada, unapigwa."

"Naona."

"Na nani?"

"Na boti."

"Boti lenyewe, au upepo?"

Mama fundi akafikiri. "Upepo."

"Basi huo ni upepo wa mtu," Nyundo akasema. "Mimi mwaka juzi nilitoa upepo tairi za gari la dalali mmoja. Nilitukanwa mimi, mama yangu, na bibi yangu aliyekufa." Akarudi kwenye tairi yake.

Mama fundi akapaka sabuni juu ya duara ili aone mwendo wa kuvuja. Povu likavimba pole pole mpaka likawa kama ndimu, likapasuka, ikatoka sauti ya mkwe: "Nani kapiga simu?" Povu la pili likapasuka, ikatoka sauti ya binti: "Mama." Povu la tatu halikusema neno. Lilitoa ngumi, ikampata mama fundi juu ya jicho, akakaa chini sakafuni.

Akiwa pale chini aliikumbuka pampu. Alishaiona. Ilikuwa pampu ya umeme yenye waya mfupi, kwa hiyo ilikaa sebuleni kwa bintiye, kando ya kochi, karibu na soketi. Mpira wake mrefu ulipitishwa dirishani mpaka uani, boti lilikokuwa. Kila boti lilipolegea mkwe aliiwasha, ikavuta upepo wa sebuleni na kuutia kwenye boti. Na pampu haichagui. Inavuta kilichomo.

Akakumbuka na simu. Mwaka mzima alikuwa akimpigia bintiye kila siku saa moja jioni, hakuruka hata siku moja, kwa sababu moyo wake haukutulia. Alitaka tu kusikia sauti. Sasa alijua kwamba kila simu yake ilipoita kwenye sebule ile, mtoto aliumia. Saa moja ya siku hiyo ilipofika alikuwa ameishika simu mkononi. Akaiweka ndani ya kopo la misumari, akafunika.

Jumanne wateja walipigwa kwa zamu. Muuguzi aliyeleta godoro la wodini alipata pigo la mgongoni, chini ya bega. Akajinyoosha, akapumua, akasema kwa sauti ya kazini, "Huyu anajua. Anapiga pale nguo inapofunika." Mwendesha pikipiki alipigwa teke la goti, akakaa kwenye ndoo, akauliza kama mpira wake uko tayari. Mwalimu mmoja alivutwa nywele mpaka shingo ikapinda, na alipoachiwa akazipanga upya kwa kioo cha pikipiki. Nyundo akavaa helmeti, akawa anawaelekeza watu waingie kwa kuambaa ukuta wa kulia. Hakuna aliyeuliza boti ni la nani. Boti la rangi ya chungwa lilikuwa moja tu mji mzima. Walisema "Pole, mama mkwe," wakachukua vitu vyao.

Jumatano saa sita mchana binti mwenyewe alikuja. Mumewe alikuwa amemtuma aangalie kazi imefika wapi. Alikuwa amevaa nguo ya mikono mirefu kwenye jua lile, na kitambaa kilichoshuka mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo mama. Shikamoo mjomba."

"Marahaba," Nyundo akaitikia. "Njoo ukae huku kwangu, binti. Huko kuna upepo mbaya."

"Naujua, mjomba."

Akakaa juu ya tairi, pale pale kando ya mfuko wa kushoto. Baada ya muda akainamisha kichwa kidogo upande wa kulia, kama mtu anayesikiliza jambo. Kofi likapita juu ya bega lake, likaangusha kopo la gundi. Akainua miguu yote miwili. Teke likapita chini yake, likavunja mguu wa stuli.

"Sasa ngumi mbili," akasema, akaegemea nyuma, zikapita zote. "Halafu kimya. Hapo alikwenda kula."

Mama fundi alikuwa na plasta juu ya jicho. "Hii ni ya lini?"

"Jumapili ile uliyopiga mara mbili."

"Nilipiga mara mbili kwa sababu ya kwanza ilikatika."

"Haikukatika, mama. Aliikata."

Barabarani mtu alikuwa akisukuma gari lililogoma, anaita wenzake.

"Tundu lako ni la sindano," mama akasema. "Mpira haujachakaa pale. Hauna mkwaruzo. Ni sindano imeingia ikatoka."

"Nilitoboa mimi, ya kushonea vifungo. Simu anakaa nayo yeye, ananipa ukipiga tu, naye anasikiliza, na dirishani majirani wanageuza uso. Nikasema, nikitoboa boti atalileta kwa mama, na mama atalitafuta kwa shavu."

Nyundo akasimama, akasema anakwenda kutafuta jeki. Jeki ilikuwa miguuni pake. Akatoka hivyo hivyo na helmeti yake.

Binti akaingiza mkono kifuani, akatoa kitambulisho chake kilichofungwa kwenye leso. "Nimekuja na hiki tu. Vingine vyote abaki navyo."

Sasa, mwaka uliotangulia binti huyu alikuwa amerudi nyumbani na begi. Mama alimpokea, akampikia, akamwacha alale, na asubuhi akabeba lile begi kichwani mwake mwenyewe akamrudisha kwa mumewe. Alikaa kwenye lile kochi akasema maneno. Watu walimsifu. Walisema huyo ndiye mama. Mara hii hakutaka kukosea namna ile. Alitaka jambo liende kwa utaratibu, liwe na mashahidi, mtu asije kusema kesho kwamba binti yake amekimbia ndoa kwa sababu ya maneno ya mama mtu.

"Rudi leo tu," akasema. "Asubuhi na mapema nalipeleka boti kwa mwenyekiti wa mtaa. Wasikie wenyewe kwa masikio yao. Halafu nakuja kukuchukua mchana kweupe, mbele za watu, wala hutajificha."

Wenye mabinti, isomeni tena kauli hiyo. Ni fupi. Alisema rudi leo tu.

Binti akaiangalia ile duara ya chaki. "Upepo utabaki mpaka kesho?"

"Nitauwekea kidole."

Binti akakifunga kitambulisho kwenye leso, akakirudisha kifuani, akainama kidogo ngumi ya tatu ipite, akaondoka. Alisahau kuaga. Mama fundi akaweka kidole gumba juu ya tundu na hakukitoa tena. Alikula chakula kwa mkono mmoja, akasinzia ameegemea boti. Makofi na mateke yaligonga kidole kwa ndani usiku kucha, na kulipokucha ukucha ulikuwa mweusi.

Alhamisi boti lilifika ofisi ya mtaa kabla katibu hajafungua madirisha. Mwenyekiti alikuja, katibu akaja, na askari mmoja kutoka kituoni na daftari lake. Mkwe aliitwa. Alitoka bwawani nywele bado mbichi, akasimama karibu na mlango ameshika kofia kwa mikono miwili, akawaamkia wote mmoja mmoja. Mama fundi akauliza kama binti ataitwa. Mwenyekiti akasema hapana haja, tusimsumbue mgonjwa.

"Haya mama, tueleze."

"Sina la kueleza," mama akasema. "Kaeni tu."

Akatoa kidole, na kwa mkono mwingine akalegeza kizibo cha valvu nusu mzunguko, maana kwa tundu la sindano wangekaa pale hadi jioni.

Mwenyekiti alipata ngumi ya mdomo kabla hajavaa miwani. Jino la mbele likalegea, akalishika kwa ulimi. Katibu alivutwa nywele, akaburuzwa kutoka kwenye kiti chake mpaka kwenye kabati la mafaili, kichwa kikagongwa kabatini mara tatu, na mafaili mawili yakaanguka. Askari alikabwa koo. Mikono haikuonekana, lakini vidole vilijichora shingoni mwake, vinne upande mmoja na kimoja upande wa pili. Miguu yake ikapigapiga sakafu. Sauti ya mkwe ikajaa ofisini, wala haikuwa ya kufoka, ilikuwa ya chini kama ya mtu anayemfundisha mtoto kusoma: "Utasema kwa nani? Sema. Nani atakuamini? Mimi ni nani mji huu?" Sauti ya binti haikuwa na maneno. Ilikuwa ile ya mtu anayetafuta pumzi.

Mama fundi akakaza kizibo.

Askari aliachiwa. Alikohoa, akanywa maji, akaokota daftari. Katibu akarudi kwenye kiti akiwa ameshika kisogo. Mwenyekiti akatema damu kwenye leso, akaikunja vizuri na kuitia mfukoni.

"Tumesikia," akasema.

"Mmeumia?"

"Kidogo."

Askari akauliza, kalamu tayari, "Niandike nimekabwa na nani?"

"Na huyo," mama akasema, akamnyooshea mkwe kidole kile kilichokuwa cheusi.

"Huyo alikuwa mlangoni, ameshika kofia. Nimemwona kwa macho yangu."

"Basi andika upepo."

"Upepo wa nani?"

"Wa sebuleni kwake."

Askari akaandika kidogo, akasimama. "Mama, upepo hauna mwenyewe. Huu hapa ulikuwa sebuleni kwake, jana ulikuwa karakana kwako, leo uko ofisi ya mtaa. Nikimkamata yeye, itabidi nikukamate na wewe, na mwenyekiti."

Mkwe akasogea hatua moja. "Wazee wangu, poleni sana. Mwenyekiti, pole na jino. Mama, na wewe pole. Ungeniambia tu, ningelitoa upepo kwanza ndipo nilete."

Hakukuwa na kejeli kwenye sauti yake. Alikuwa amesikitika kweli, kama mtu aliyeazimisha shoka lenye mpini mbovu.

Mwenyekiti akavaa miwani. Alisema siri ya mtungi aijuaye kata, na mambo ya nyumba ya mtu yana mwenye nyumba. Alisema kijana huyu amewatoa watu kumi na mmoja majini, na mmoja wao, wote wanajua, ni mama watoto wake yeye mwenyekiti. Alisema Jumamosi watoto mia nne watakuwa majini, na boti moja tu ndilo lipo. "Sasa mama, wewe ni mzazi. Mtoto wa mtu akizama Jumamosi kwa sababu boti liko hapa linatoa ushahidi, utamwambia nini mama yake?"

Mama fundi akakitazama kidole chake cheusi.

"Na mimi wa kwangu yuko nchi kavu," akasema.

"Ndiyo maana tunasema hana hatari," mwenyekiti akajibu.

Katibu akaandika maazimio. Kwanza, boti lizibwe leo hii. Pili, upepo uliobaki utolewe mbali na watu usije kumjeruhi mtu. Tatu, mwenye boti anunue waya mrefu wa umeme, pampu ikae uani, ivute upepo safi wa nje. Mkwe alikubali la tatu papo hapo, akashukuru, akasema hilo lilimpita akili kabisa. Walipeana mikono. Saa saba mchana alikuwa ameshanunua waya.

Binti hakutolewa. Halikuwa kwenye maazimio.

Huwezi kuweka kiraka kwenye boti lililojaa. Mpira ukiwa umevutika unashika kiraka leo, kesho unakibandua. Lazima upepo wote utoke, hata ule wa mwisho unaojificha kwenye pembe, na huo hautoki kwa kufungua valvu na kusimama mbali. Unatoka kwa kulikunja boti kuanzia nyuma, unapiga magoti juu yake, unakandamiza, unakunja tena. Hakuna njia nyingine. Mama fundi alimwambia Nyundo atoke, akafunga mlango wa karakana, akapiga magoti.

Nyundo alisimama nje akizuia wateja. Alisema baadaye kwamba ilikuwa kama watu wanapakua magunia ya mahindi ndani ya chumba. Lilitoka pigo la Jumapili, likatoka la wiki ile ya mafua na lile la bafuni. Ulitoka mkanda upande wa chuma, ukamchana paji la uso. Ulitoka waya wa pasi. Mlango wa kabati ulimbana vidole. Mama fundi aliangushwa akapanda tena juu ya boti, akaangushwa, akapanda, kwa sababu ukiachia, upepo unarudi na kazi inaanza upya. Aliendelea kukunja. Alifika katikati ya boti na mwaka mzima ulikuwa umeshampitia mwilini.

Kwenye kona ya mbele, chini kabisa, kulikuwa na upepo wa zamani kuliko wote. Akaukandamiza kwa goti. Ikatoka sauti ya mwanamke mtu mzima, yenye upole, sauti ya mtu aliyekaa kwenye kochi na begi miguuni. "Rudi ndani mwanangu. Mvumilivu hula mbivu."

Aliitambua. Ilikuwa yake mwenyewe. Ilimpiga chini ya titi la kushoto, na katika mapigo yote ya siku ile ndiyo peke yake iliyovunja kitu. Zilivunjika mbavu mbili.

Nyundo alipofungua mlango alimkuta anafuta mpira kwa tambara. Alimletea kiti, akamfunga kifua kwa ukanda wa mpira wa lori, akamshikia taa. Mama fundi alikwangua kwa msasa mpaka mpira ukapoteza mng'aro. Akakata kiraka cha duara, kwa sababu kiraka chenye pembe kinaanza kubanduka kwenye pembe. Alipaka gundi mara tatu, na kila mara alingoja mpaka kidole kikigusa kinakwama lakini hakichafuki. Akaweka kiraka, akakisukuma kwa chupa kutoka katikati kwenda nje ili kisibakie hata kipovu kimoja, akakiwekea jiwe, na akakiacha saa ishirini na nne kama inavyotakiwa.

"Ungeweka gundi mbaya," Nyundo akasema.

"Watoto mia nne."

"Najua. Nasema tu."

Ijumaa saa kumi alasiri alilijaza kwa pampu ya mguu, upepo wa barabarani wenye moshi na vumbi. Akapaka sabuni. Halikutoka povu. Akalowesha shavu, akalilaza juu ya kiraka, akakaa hivyo muda mrefu kuliko inavyohitajika. Hapakuwa na kitu. Hata ule mnong'ono mdogo ambao kila mpira unao haukuwepo.

Mkwe alikuja na mkewe. Jicho la kushoto la binti lilikuwa limefunga kabisa, na mdomo wa juu ulikuwa umepasuka mpaka karibu na pua. Damu ilikuwa bado haijakauka vizuri. Watu waliokuwa kwenye foleni ya Nyundo wakatazama tairi.

"Mafua yamemzidi," mkwe akasema.

"Mkokoteni uko wapi?" Nyundo akauliza.

"Wa nini mkokoteni, na mke ninaye?" Wawili watatu kwenye foleni wakacheka, si sana.

Mama fundi akasema, "Mwache abaki kwangu leo. Nimeumia mbavu, sina wa kunipa maji."

"Mama, ningemwacha, wallahi. Lakini upande wa pili atashika nani?" Akazunguka boti, akaligonga kwa vifundo vya vidole kama mtu anayebisha hodi. Likaitika kwa sauti kavu. Uso wake ukafurahi. "Kazi hii. Hata pumzi halitoi. Mama, mikono yako Mungu aibariki."

Binti alikuwa amesimama kando ya kiraka. Alikigusa kwa ncha ya kidole, akazunguka ukingo wake wote akitafuta mahali palipoachia.

"Umeziba?"

"Nimeziba, mwanangu."

"Vizuri?"

Mama fundi hakuwahi kumdanganya mteja. "Vizuri," akasema.

Binti akaitikia kwa kichwa. Wakaligeuza boti juu chini, wakaingia chini yake, mume mbele na mke nyuma, wakalibeba vichwani. Lilikuwa pana, likawafunika mpaka kiunoni, na kutoka mlangoni kwa karakana ilionekana miguu minne tu ikishuka barabara. Madereva walisimama kuwapisha, na mmoja alipiga honi ya kumsalimu mwokoaji. Miguu miwili ya mbele ilikwenda haraka. Miwili ya nyuma ilikuwa ikikimbia kidogo kidogo ili isiachwe.